Kurusha Ibada Mubashara Mombasa: Cha Kununua Kwanza na cha Kungoja

Kamati ikikaa kupanga bajeti ya kurusha ibada, jambo la kwanza kutajwa ni kamera. Ingefaa iwe sauti. Muumini aliye Likoni au Doha atavumilia picha yenye chenga, lakini hotuba inayokwaruza ataizima kabla khatibu hajamaliza kusalimu. Katika kila shilingi 100, tenga 35 za sauti na 25 za laini ya intaneti na umeme wa akiba. Zinazobaki ndizo za kamera na kompyuta. Mpangilio ulio hapa chini ni wa msikiti au kanisa la watu 200 hadi 500. Nambari 1 hadi 4 ni njia za kupata picha, kuanzia ya kununua kwanza; sauti ina sehemu yake chini.

Nambari 1: kamera ya vidio, kadi ya kunasa na laptopu

Chagua kamera ndogo ya vidio, ile ya kushikwa mkononi, yenye zumu ya lenzi ya mara 20. Ukiisimamisha nyuma ya ukumbi, mita 20 kutoka mimbarini, inamchukua khatibu kifua na uso bila kumziba mtu. Kamera za picha za mnato hutoa sura ya kupendeza, ila nyingi hupata moto zikiwashwa saa nzima, na baadhi hujizima zenyewe. Kabla ya kulipa, iunganishe na televisheni dukani kwa waya wa HDMI. Alama za betri na mraba wa fokasi zikionekana kwenye televisheni na menyu haina njia ya kuziondoa, irudishe kabatini.

Kadi za kunasa, zinazoingiza picha ya kamera kwenye laptopu, zikiwa za bei ya chini huandikwa 4K kwenye boksi. Hiyo 4K ni ya picha inayoingia. Inayotoka kwenda kwenye laptopu ni 1080p kwa fremu 30, na kwa ibada inatosha. Programu ya OBS Studio, inayorusha picha na sauti kutoka kwenye laptopu, ni ya bure. Iwekee 720p, fremu 30, kilobiti 3,000 kwa sekunde, fremu kuu (keyframe) kila sekunde 2, na sauti ya kilobiti 160. Kwa kipimo hicho saa moja inakula takriban GB 1.4.

Shata ya kamera, yaani muda wa kunasa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde, kwa kuwa stima yetu ni ya 50 Hz. Ukiiweka 1/60 baadhi ya taa zitacheza kwenye picha. Mwangaza ufunge kwa mkono ukipima uso. Ukiachia kamera ijiamulie, kanzu nyeupe mbele ya mbao nyeusi za mimbari inageuka doa jeupe lisilo na mikunjo.

Nambari 2: simu

Kwa darsa, msiba au kanisa dogo, simu nzuri juu ya stendi ya miguu mitatu inatosha, mradi sauti isitoke kwenye maikrofoni ya simu yenyewe. Nunua kiunganishi cha sauti cha USB kinachopokea waya kutoka kwenye miksa. Simu iwe kwenye hali ya ndege huku wayalesi imewashwa, la sivyo jamaa akipiga, matangazo yanakatika. YouTube hairuhusu kurusha kutoka kwenye simu hadi chaneli ifikishe wafuasi 50, na kuruhusiwa kurusha kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua saa 24. Usifungue chaneli usiku wa kuamkia Idi.

Nambari 3: swichi ya picha na kamera mbili

Blackmagic ATEM Mini, swichi ya kuchagua picha ya kamera ipi irushwe, hupokea kamera nne za HDMI. ATEM Mini Pro hurusha yenyewe kupitia waya wa mtandao, bila laptopu. Hii ni ya kanisa lenye kwaya, panapohitajika picha ya waimbaji na ya mhubiri. Iko ya tatu kwa sababu inataka mtu aliyefunzwa kila Jumapili, na wa kujitolea huhama.

Gharama inayosahaulika hapa ni waya. HDMI ya kawaida ikipita mita 10 huanza kukatakata. Kwa mita 30 nunua HDMI ya nyuzi za mwanga, na utazame ncha zake kabla ya kuipitisha darini: moja ni ya kamera, nyingine ni ya swichi. Ukiigeuza haitatoa picha, na fundi atarudi kupanda ngazi.

Nambari 4: kamera za PTZ

Hizi hugeuka, huinama na kuvuta picha kwa rimoti, na nyingi hupata umeme kupitia waya uleule wa mtandao, hadi mita 100. Ni nzuri kwa msikiti ambao hautaki mtu wa kamera katikati ya safu. Zije baada ya sauti kutulia.

Kamera za CCTV usizinunue kwa kazi hii, hata fundi akikuapia. Zimeundwa kuonyesha ukumbi wote. Uso wa imamu unabaki mdogo kama punje, na sauti yake haifai.

Sauti

Misikiti mingi ina amplifaya ya spika za paipu za mnarani, inayotoa volti 100 kwenye skrubu za nyuma. Usiunganishe skrubu hizo na kamera wala simu; utaiunguza. Tafuta tundu lililoandikwa REC OUT au LINE OUT. Kwenye miksa ya kanisa, tumia aux (njia ya pembeni ya kutoa sauti) iliyowekwa kabla ya fada, yaani kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti, ili fundi akipunguza spika za ukumbini, walio mtandaoni wasipotelewe na sauti.

Makosa matatu hujirudia. Sauti ya miksa ina nguvu kuliko tundu la maikrofoni la kamera linavyotarajia, hivyo inapasuka. Tumia waya wenye kipunguzi. Mvumo wa chini usiokoma hutokana na miksa na laptopu kuchomekwa soketi za sehemu mbili tofauti. Kiboksi cha transfoma cha kutenganisha sauti kinauondoa. Midomo ikichelewa nyuma ya maneno, icheleweshe sauti ndani ya OBS, uanzie milisekunde 150. Kisha ongeza maikrofoni moja inayoelekea waumini: bila "amina" yao, hotuba inasikika kama ya mtu aliye chumbani peke yake.

Laini na stima

Pima kasi ya kupakia, wala si ya kupakua, Ijumaa saa saba mchana au Jumapili saa nne asubuhi. Kwa kilobiti 3,000 unataka angalau Mbps 6. Laptopu ichomekwe kwa waya. Wayalesi inayogawanywa na simu 300 haitakufaa. Weka pia ruta ya 4G ya kampuni nyingine kama akiba.

Stima ikipotea, laptopu ina betri yake, lakini ruta na kile kisanduku cha faiba ukutani havina. UPS (betri ya akiba) ya 650 VA ikibeba ruta, kisanduku, kamera na miksa ndogo, jumla wati 60 hivi, inakupa muda wa kutosha kuwasha jenereta. Usiiongezee feni.

Chumvi na unyevu

Kamera ikitoka ofisi yenye AC na kuingia ukumbi wenye joto, lenzi hutoka jasho. Iache ndani ya mfuko wake nusu saa kabla ya kuifungua. Ihifadhi kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na jeli ya silika ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani, ikaushe. Lenzi ikikaa kwenye kabati la mbao karibu na bahari huota ukungu ndani ya kioo, na huo haufutiki kwa kitambaa.