Hedifoni za mgongo wazi: sikiliza herufi S kwanza, bei baadaye

Mwaka jana nilitoa laki saba na nusu kununua hedifoni ambazo sikuweza kuzivaa saa nzima. Hazikunibana, na waya wake haukuwa mbovu. Zilikuwa zinanichoma. Kila mtu alipotamka "sasa", "basi", "sisi", ile S ilitoka kama tone la maji limedondokea kwenye mawese ya moto. Tsss. Kufika adhuhuri kichwa kinagonga, na mimi bado nina mahojiano mawili ya kunukuu.

Kazi yangu ndiyo hiyo, kunukuu. Watafiti wanakuja Kigoma, wanarekodi wavuvi wa Katonga, akina mama wa dagaa kule Kibirizi, wazee wa Ujiji, kisha wananitumia mafaili niandike neno kwa neno, pamoja na kikohozi. Siku yenye kazi nakaa saa sita na sauti za watu masikioni. Zile za kufunika kabisa nilishaziacha zamani. Kwa joto la hapa mwisho wa reli masikio yanatota jasho, na sauti inakaa katikati ya fuvu kama vile mtu amehamia humo.

Za mgongo wazi hazina ukuta nyuma ya spika, zina wavu tu. Hewa inapita, sauti haigongi ukuta wa plastiki na kurudi, na msemaji anakaa mbele yako kidogo, kama mko kibarazani. Si jambo jipya. Sennheiser, kampuni ya Wajerumani, walitoa HD 414 mwaka 1968, yenye sponji za manjano, na ndiyo iliyofungua njia. Ubaya wake unajulikana: unachosikiliza wewe, aliye pembeni anakisikia pia, na kelele zake unazisikia wewe. Kama mnalala watatu chumba kimoja, hizi si zako. Mvua ikipiga bati, vua usubiri. Hilo limekwisha, silirudii.

Sitaongelea pia maandishi ya kwenye boksi, yale ya "hezi 5 mpaka 40,000", yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Sikio la mtu mzima linaishia chini sana ya hapo. Popo hawanukuu mahojiano.

Ninachotaka kuongelea ni huo mchomo, maana wanaosifia hedifoni mtandaoni wanauruka. Wanasema "sauti inang'aa", "kila kitu kipo wazi", wanapita. Kung'aa huko mara nyingi ni kilima. Mtengenezaji, kwa kutaka au kwa kushindwa kuzuia mwangwi wa kile kikombe cha sikio, anaacha sauti za kati ya kilohezi 6 na 9 zipande kuliko nyingine. Na S inaishi hapohapo. Manyanga yanaishi hapohapo. Mvumo wa kanda ya zamani, nao una makazi yake hapo. Kiswahili kina S na SH kila unapogeuka, hebu jaribu kuongea dakika moja bila hata moja. Mtu anayesikiliza piano tupu anaweza kukaa na kilima hicho miaka mitatu asijue. Wewe unayesikiliza taarifa ya habari, kasida au mawaidha utajua kabla chai haijapoa.

Tatizo ni kwamba dukani kilima ndicho kinachouza. Unavalishwa dakika mbili, unawekewa wimbo, unasikia vitu ambavyo simu yako haikuwahi kukupa, unasema lo! Unalipa. Mchomo unakuja dakika ya arobaini, ukiwa nyumbani, na muuzaji hapokei simu.

Kwa hiyo jaribio langu ni hili. Rekodi sauti yako kwa simu, umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni: "Sasa Asha, siku hizi samaki sokoni ni shilingi ngapi?" Isikilize mara tatu. Ukijikuta unakunja uso kwenye "sasa" na "siku hizi", rudisha. Usipokunja, weka mazungumzo ya redio, vaa dakika arobaini bila kuvua, ndipo useme.

Sasa nipange, na nisijifiche: mimi ni mtu wa Sennheiser. Anayetaka asiye na upande akatafute kwingine.

Ya kwanza ni HD 600. Imeingia sokoni mwaka 1997 na mpaka leo inauzwa, na kwa sauti ya binadamu sijasikia ya kuishinda. Mzee wa Ujiji akiongea unamsikia mzee, na pengo la meno yake. S yake ni S, inatoka na kuisha. Niliweka nakala za kanda za Tabora Jazz na Western Jazz, zile rekodi za Radio Tanzania zilizopita mikononi mwa watu wengi, gita la solo likakaa mbele, la ridhimu likakaa pembeni yake, manyanga yakabaki manyanga badala ya kuwa mchanga unaomwagwa sikioni. Kasoro zake? Besi ya chini kabisa imepungua, na ukumbi wake ni mdogo, wanamuziki wamebanana kama abiria wa hiace. Ikiwa mpya inabana taya. Na ina ukinzani wa omu 300, kwa hiyo ukichomeka kwenye simu sauti inatoka ndogo na imelegea, utahitaji amplifaya ndogo ya mezani. Lakini kila kipande chake kinachomoka kwa mkono: waya, sponji, wavu, mpaka spika yenyewe. Huku kwetu, ambako fundi wa vitu hivi ni wewe mwenyewe, hilo ni nusu ya bei. Nje inauzwa mara nyingi dola 300 hadi 400.

Ndugu yake, HD 650 ya mwaka 2003, ni nzito kidogo ya sauti na ina vuguvugu. Kama S inakusumbua kuliko inavyonisumbua mimi, chukua hiyo, hutajuta. Mimi nikiwa na usingizi inanilaza, ndiyo sababu pekee ya kuiweka ya pili.

Ya tatu inanipa shida kuisema, kwa kuwa kwa maajabu ingekuwa ya kwanza. HD 800 S. Mtafiti mmoja Mjerumani alipanga nyumba ya jirani kwa wiki tatu, na jioni alikuwa ananiazima ya kwake. Niliweka rekodi ya mama mmoja wa Kibirizi, mahojiano niliyokwisha kuyanukuu na kuyatuma. Nikasikia mtoto anavuta kamasi, nyuma ya mama, upande wa kushoto. Kwa mbali kabisa, boti inawashwa, inakataa, inawashwa tena. Niligeuka kuangalia mlangoni. Faili lile nilikuwa nimekaa nalo siku mbili na sikumjua huyo mtoto. Spika zake ni pana, milimita 56, na zimewekwa mbali na sikio kwa pembe, ndiyo maana sauti inatawanyika vile. Ile HD 800 ya kwanza, ya mwaka 2009, ilijulikana kwa kilima karibu na kilohezi 6. Kwenye hii HD 800 S ya mwaka 2016 waliweka kifyonzi cha kukipunguza. Kimepungua, hakijaisha. Rekodi nzuri inapita salama, ila rekodi ya simu iliyopigwa na upepo wa ziwa inakurushia S zote usoni. Ilitoka kwa dola 1,700 hivi. Kwa pesa hiyo sitaki kukunja uso hata mara moja.

Focal Clear ya Wafaransa, iliyotoka mwaka 2017, nimeivaa studio moja Dar. Ngoma ikipigwa unaisikia inagonga, na hiyo Sennheiser zangu haziwezi. Ina omu 55 tu, hata laptopu inaisukuma. S yake ni safi, ina ncha kidogo ambayo niliizoea. Nimeishusha kwa ajili ya uzito, gramu 450, na kwa zile sponji za rangi nyeupe-kijivu. Njoo nazo Mwanga, hapa Kigoma, kiangazi, uone vumbi jekundu linavyozipaka. Utopia ya kampuni hiyohiyo ilizinduliwa mwaka 2016 kwa karibu dola 4,000. Hapo tunaongelea kiwanja.

Kuna hizi za utando bapa, ambazo ndani yake badala ya koni kuna utando mwembamba mpana ulionyoshwa mbele ya sumaku. HiFiMAN ndio wamezifanya zifikike: Sundara, kisha Edition XS yenye vikombe vikubwa vya umbo la yai. Besi yake inashuka chini bila kuyumba, hewa ni nyingi, ukumbi ni mrefu kwenda juu. Kwenye jaribio langu Sundara ilipita kwa shida, Edition XS ilipita vizuri zaidi lakini kichwa changu ni kidogo, ikawa inateleza mpaka shavuni. Audeze LCD-X ya Wamarekani haichomi hata kidogo, S imelainishwa, besi ni ya kutetemesha meza. Ina gramu zaidi ya 600. Niliivaa nusu saa shingo ikanikumbusha ndoo ya maji.

Beyerdynamic DT 990 Pro ndiyo mtakayoambiwa na kila kijana wa studio, "dada chukua hiyo, bei poa, haivunjiki". Ni kweli haivunjiki, na sponji zake za kitambaa ni laini kuliko zote. Lakini kilima chake, maeneo ya kilohezi 8, kinajulikana dunia nzima, na kwa kazi ya maneno sishauri. Ukiwa nayo tayari, usiitupe. Weka Equalizer APO kwenye kompyuta ya Windows, ni programu ya bure ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, shusha desibeli nne mpaka tano pale kilima kilipo, urudi kwenye sentensi ya Asha. Utashangaa.

Za bei ndogo: Philips SHP9500 kama utaipata. Basi.

Sasa niseme kuhusu wauzaji, kwa sababu hapa ndipo fedha zenu zinapoliwa.

Zile za kwangu za laki saba na nusu sizitaji jina, na aliyeniuzia simtaji. Picha ilikuwa safi, imepigwa kwenye meza nyeupe. Nikauliza bei pale chini ya picha, jibu: "Njoo DM." Kwa nini bei ni siri? Nyanya zinaandikwa bei, mchele unaandikwa bei, hata kiwanja kinaandikwa bei. Huko DM akaniuliza niko wapi. Kosa langu ni kujibu Kigoma. Aliye Dar anauziwa bei ya Dar, aliye Kigoma anauziwa bei ya mtu asiyeweza kuja kugonga mlango. Nilituma pesa kwa simu, nikatumiwa picha ya risiti ya basi, siku mbili baadaye nikaenda stendi kuchukua boksi.

Nilipofungua, sponji zilikuwa zimelala bapa kama chapati. Aliniambia ni "used kidogo". Maana yake nini? Sponji ikilala, sikio linasogea karibu na spika, mpangilio wote wa sauti unahama, na mara nyingi ule mchomo unaongezeka. Nikampigia.

"Dada, hizo ndivyo zilivyo, utazizoea."

Nilinunua sponji mpya kwa pesa yangu. Mchomo ukapungua, haukuisha. Kwa hiyo kabla hujatuma hata shilingi, mwambie muuzaji akutumie video, siyo picha, ya hedifoni hizohizo zikiwa zimelala juu ya karatasi yenye tarehe ya leo aliyoiandika kwa mkono, na akuonyeshe sponji kwa ubavuni. Akikuambia "dada huniamini?", mjibu ndiyo, sikuamini. Na ukiagiza nje, kumbuka VAT ya asilimia 18 kabla hujashangilia bei uliyoiona. Watu wanasahau, halafu mzigo unakaa forodhani wakitafuta wa kumkopa.

Zile za laki saba na nusu nilimuuzia mtoto wa dada yangu kwa laki tatu, kwa mafungu. Anachezea magemu. "Mama mdogo," ananiambia, "hizi ni hatari, nasikia mpaka nyayo za adui." Mafungu yenyewe amelipa moja.

HD 600 zangu zina mwezi wa kumi sasa na sponji zimeanza kulegea kwa jasho, kwa hiyo nimeagiza sponji nyingine, nimelipia Dar, zimepakiwa kwenye basi Jumatatu. Leo Alhamisi nimempigia konda.

"Zipo dada, zipo kwenye buti."

Buti la basi gani, ndicho ninachosubiri aniambie.