Boti ya FAST, Mokowe kwenda Lamu

Hii boti jina silitaji, ila ubavuni wameandika FAST, yaani mbio kwa Kizungu, kwa rangi nyekundu, na mie nimekaa ndani nusu saa nzima kamba ingali imefungwa jeti eti twangoja abiria wawili wa basi la Mombasa, jua la utosi na ni Ramadhani koo kavuu. Mjomba mmoja kando yangu, mwalimu mstaafu wa Kizungu, akacheka, akasema hawajadanganya hawa, fast ya zamani kule Uingereza maana yake ilikuwa imara, kitu kilichokazwa kisitikisike, na hata leo chombo kikifungwa kamba ikakaza husema kiko fast, mbio zilikuja baadaye, yaani mtu akikimbia kwa kukaza ndo huyo anaenda haraka. Na kufunga saumu kwa Kizungu ni neno hilohilo fast, kujishika usilegee.

Nkamwambia mjomba basi sisi tumepata mbili, kamba na saumu, bado hiyo ya mbio tu 😂

Haki yao niwape lakini, injini ilipowaka dakika 10 tu tuko Lamu, laifujaketi safi hazinuki, wala mwanangu hakurowa. Nyota tatu. Ukiwa na haraka panda ile iliyojaa tayari.