Hema la ngozi la Watuareg: kabla hujalinunua

Hema hili lisipimwe kama turubai la kawaida. Kwa Kitamasheki, lugha ya Watuareg, wafugaji wa kuhamahama wa Sahara, ehen ni hema na ni ndoa pia. "Kutengeneza hema" maana yake ni kufunga ndoa. Wanawake wa upande wa bibi harusi ndio wanaolitengeneza, na ni mali yake. Wakiachana, mke huondoka nalo, mume akabaki hana pa kulala.

Paa hushonwa kwa ngozi za mbuzi 30 hadi 40, hata zaidi kwa hema kubwa, zikapakwa siagi na udongo mwekundu. Kagua mishono kwanza. Pitisha kidole kwenye matundu ya uzi: ngozi ikiwa ngumu na inakwaruza, imekosa mafuta, na upepo ukiivuta itachanika hapo hapo. Iliyopakwa mafuta vizuri hujikunja bila mlio, na maji ya mvua huteleza juu yake.

Kuta ni mikeka ya mabua yaliyofumwa na vipande vyembamba vya ngozi. Hii ndiyo sehemu bora kabisa! Huifungi kwenye nguzo moja kwa moja. Unaisogeza kufuata upande unaotoka mchanga.

Kasoro yake ni uzito. Turubai ni jepesi kubeba na halidai siagi, ndiyo maana familia nyingi zimehamia huko, ila kivuli cha ngozi ni kizito zaidi. Nje ya kivuli hicho huitwa essuf: nyika, na upweke.