Kebo ya USB yenye chipu ya CH340 kwenye Ubuntu 22.04: poti ikitoweka, usikimbilie kununua nyingine

Kebo za CH340, chipu inayogeuza USB kuwa poti ya serial, nazitumia kupakia programu kwenye bodi ndogo za kielektroniki za Arduino Nano na NodeMCU, na kuingia kwenye ruta kupitia pini zake za ndani. Kwa bei yake, sioni ya kuishinda: draiva yake, ch341, imo ndani ya Linux tayari, hakuna cha kupakua. Kasheshe huanza Ubuntu inapopandishwa kutoka 20.04 hadi 22.04. Unachomeka kebo, taa inawaka, lakini Arduino IDE (programu ya kuandikia na kupakia) haionyeshi poti yoyote na /dev/ttyUSB0, faili la poti hiyo, haipo. Wengi huilaumu kebo, wakanunua nyingine yenye chipu ile ile, na tatizo likabaki pale pale.

Anza na amri ya lsusb, inayoorodhesha vifaa vya USB. Ukiona namba 1a86:7523, kompyuta inaiona chipu. Usipoona kitu, na bodi yako inatumia waya wa kuchomoka, badilisha waya huo kwanza. Nyaya nyingi za simu ni za kuchaji tu, hazina nyuzi za data. Namba ikiwepo, andika sudo dmesg -w, inayoonyesha ujumbe wa mfumo (bila sudo utanyimwa ruhusa), kisha chomoa kebo na uichomeke tena huku ukitazama. Mistari ya kutafuta ni hii:

ch341-uart converter now attached to ttyUSB0
usbfs: interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1
ch341-uart converter now disconnected from ttyUSB0

Yaani poti ilipatikana, kisha ikaporwa papo hapo. Mporaji ni brltty, programu inayoendesha vifaa vya nukta nundu kwa watumiaji wasioona. Faili lake la kanuni za udev (sehemu ya Linux inayoshughulikia vifaa vinapochomekwa) linaitaja 1a86:7523 kwa sababu kuna kisomeo cha nukta nundu, NLS eReader cha Zoomax, chenye namba hiyo hiyo. Namba inatambulisha chipu, si kifaa kilichoibeba, hivyo brltty haina namna ya kujua kwamba imeshika Nano yako.

Dawa inayotajwa kila mahali ni sudo apt remove brltty. Kwa kompyuta yako binafsi, kama hutumii nukta nundu, inatosha: ondoa, chomoa, chomeka, poti inarudi bila kuwasha mashine upya. Kwa maabara ya shule au kompyuta ya watu wengi siiungi mkono, maana unamfungia mlango mwenzako asiyeona ili wewe upakie programu ya kuwasha taa. Zima mstari mmoja tu. Nakili faili kwanza:

sudo cp /usr/lib/udev/rules.d/85-brltty.rules /etc/udev/rules.d/

Fungua nakala iliyo ndani ya /etc kwa sudo nano, bonyeza Ctrl+W utafute 1a86, na uweke alama ya # mwanzoni mwa mstari wenye 1a86/7523. Hifadhi, endesha sudo udevadm control --reload-rules, kisha chomeka kebo upya. Usihariri faili la /usr/lib lenyewe: kifurushi kikisasishwa, mabadiliko yako yanafutika. Faili la /etc lenye jina lile lile ndilo linalosomwa badala yake.

Poti ikirudi halafu ukakutana na "Permission denied", hilo ni jambo jingine kabisa. Jiunge na kundi la dialout, lenye ruhusa ya kutumia poti hizi, kwa sudo usermod -aG dialout $USER, kisha toka kwenye akaunti na uingie tena. Kufunga terminali pekee hakusaidii. Wanaotumia chmod 666 (kufungua ruhusa za faili la poti kwa wote) watairudia kila wakichomoa kebo, kwa kuwa /dev/ttyUSB0 huundwa upya kila mara.

Kuhakikisha kebo ni nzima, unganisha pini ya TXD (ya kutuma) na ya RXD (ya kupokea) kwa kipande cha waya, bila kifaa kingine chochote, na ufungue screen /dev/ttyUSB0 115200. Herufi unazoandika zikijitokeza kwenye skrini, zinakwenda na kurudi. Ondoa waya, zinapaswa kukoma. Kutoka, bonyeza Ctrl+A kisha K.

Udhaifu halisi wa CH340 ni kwamba kwa kawaida haina namba ya pekee kwa kila kipande. Ukichomeka mbili, /dev/serial/by-id (majina ya poti kwa kitambulisho cha kifaa) haiwezi kuzitofautisha; tumia /dev/serial/by-path (majina kwa tundu lililotumika), na kila kebo ibaki kwenye tundu lake la USB. Kama kazi yako ni ya vifaa vingi kwa wakati mmoja, lipia zaidi upate kebo yenye chipu ya FT232R halisi, ambayo kila moja ina namba yake.

Kwa upande wa Windows, lawama ya brltty haihusiki. Huko kisa kinachojulikana ni cha kebo za zamani zenye chipu nyingine, PL2303HXA: draiva mpya inaingia na sasisho, na Device Manager inaandika kwamba chipu hiyo ilisitishwa tangu 2012. Rudisha draiva ya zamani, 3.3.11.152 au 3.3.2.105, kwa kuichagua mwenyewe kwenye orodha ya draiva zilizomo.

Mwisho, ukinunua moduli ya CH340 chagua yenye jampa (kiunganishi kidogo cha kuchagulia volti) ya 3.3V na 5V. ESP8266, chipu iliyo kwenye NodeMCU, ni ya 3.3V. Na tundu la DB9 (la pini tisa) la vifaa vya zamani linahitaji kebo ya RS-232, kiwango cha serial chenye volti kubwa zaidi. Pini za TTL, yaani za volti ndogo kama za moduli ya CH340, usiziunganishe nalo moja kwa moja, volti za tundu hilo zinaweza kuunguza chipu.