Soya kwa mtu anapunguza wanga: tofu ndiyo, chunks kiasi, ile tamu ya kunywa achana nayo

Wacha niseme vile nimeona, juu kila nikitaja soya kwa watu wa keto, wale wanakula wanga kidogo sana na mafuta mengi, naambiwa ati soya ni maharagwe na maharagwe ni wanga, basi, stori imeisha. Mimi nimepunguza wanga kwa sababu ugonjwa wa sukari uko kwetu, na nyama kila siku kwa mshahara wa Nairobi haiwezekani, alafu mayai nayo yanafika mahali yanakukinai. Kwa hivyo soya nimeila karibu kila aina inapatikana hapa.

Hiyo ya maharagwe tuimalize kwanza. Ndengu ama maharagwe makavu, gramu 100 iko na wanga kama 60 hivi, na nyingi ni ule wanga unageuka sukari mwilini. Soya kavu gramu hizo hizo iko na wanga 30, karibu 9 yake ni nyuzinyuzi yenye haigeuki sukari, protini 36 na mafuta 20. Yani hii mbegu huweka akiba yake kwa mafuta, ndio maana viwanda huikamua, we ushawahi kuona mtungi wa mafuta ya ndengu dukani? Ukiichemsha inafyonza maji na gramu 100 ya soya iliyoiva inabaki na wanga 8 hivi, zaidi ya nusu nyuzinyuzi. Unga wa mahindi ni 75 kwa gramu 100, na sijaona mtu akisonga ugali wa gramu 100.

Sasa tofu. Hii ndio namba moja kwangu na sioni ikitolewa. Inatengenezwa kwa kugandisha maziwa ya soya alafu inakamuliwa, na sukari nyingi za soya zinatoka na yale maji, kwa hivyo tofu ngumu inabaki na wanga gramu 2 ama 3 tu kwa gramu 100. Watu wanasema haina ladha, na ukiipika vile imetoka kwa pakiti ni kweli haina, inateleza kama sabuni na inajaza pani maji. Mimi naifunga kwa kitambaa kisafi, naweka sufuria ya maji juu, naenda kuoga. Nikirudi kitambaa kimelowa chapachapa na tofu imekaza. Nakata vipande, chumvi, tangawizi, kitunguu saumu, pilipili kidogo, mafuta yapate moto kabisa ndio niweke, na hapo siigusi mpaka ijiachie yenyewe, ukiwa na haraka ile ganda tamu yote inabaki kwa pani na unabaki na uji. Ikishakua ya kahawia pande zote naiweka juu ya mboga ya managu yenye imeungwa na nyanya na hapo sikumbuki ugali.

Lakini tofu ya hotelini uliza kwanza. Kuna hoteli moja niliagiza nikaletewa imepakwa unga wa mahindi, imekaangwa, alafu ikamwagiwa sosi tamu nzito, nikamuuliza weita hii sosi ni ya nini akaniambia "boss, ni ya ladha tu." Ladha ya sukari. Nililipa nikanyamaza.

Soya chunks ndio zenye watu wengi hula juu ni bei rahisi na ziko kila duka la mtaa. Hizi zinatengenezwa na unga wenye unabaki mafuta yakishakamuliwa, kwa hivyo mafuta hayako na wanga unapanda kidogo, kama 30 na kitu kwa gramu 100 kavu, japo sehemu kubwa ni nyuzinyuzi, na protini inafika 50. Pima zikiwa kavu. Gramu 30 kavu inaonekana kama mzaha kwa kiganja lakini ikiloweka inavimba inajaza sahani, na hiyo ni protini 15 na wanga 10 hivi, mtu wa wanga kidogo anaweza, mtu wa keto ya wanga gramu 20 kwa siku hapo amemaliza nusu ya siku yake kwa mboga moja. Mimi nachemsha na chumvi, nakamua ile povu yote na mikono mara mbili tatu, alafu nakaanga kavu kabla nyanya haijaingia, bila hivo harufu ya soya inakufuata hadi kazini. Na soma lebo, kuna zenye zimeongezwa sukari na chumvi ya kutosha ng'ombe.

Soya nzima nilienda Nyamakima kwa maduka ya nafaka na swali la kwanza muuzaji aliniuliza ni "kastoma, ni ya kuku ama ya kula?" Sikukasirika, soya nyingi hapa kweli huishia kwa chakula cha mifugo. Kuipika ni kazi lakini, loweka usiku mzima, mwaga hayo maji, badilisha, chemsha mpaka iive kabisa, na usijaribu kuila mbichi juu iko na vitu vinazuia protini kumeng'enywa. Ukiacha kumwaga maji ya kuloweka utajua kwanini watu wa ofisi walihama meza yako.

Ya kunywa sasa. Maziwa ya soya ya pakiti yasiyo na sukari ni sawa, kikombe ni wanga 4 hivi, lakini yale matamu yanaweza kufika mara mbili ama tatu ya hapo. Ile soya ya unga ya kukoroga na maji moto nayo, geuza pakiti usome viungo, kile kiko kingi huandikwa kwanza, na nyingine nimeshika zinaanza na sukari. Unga wa uji wenye wimbi, mtama na soya ni uji tu.

Alafu kuna jamaa wa jimu ati soya itaniotesha matiti. Tafiti za wanaume zimeunganishwa na kupigwa hesabu na hazikuona soya ikishusha testosteroni, ile homoni ya kiume. Nikamwambia pia kuna mtafiti wa lishe, David Jenkins, huko Toronto, 2009, aliwalisha watu wanga kidogo kwa protini ya mimea, soya ikiwemo, wakapungua uzito kama kilo 4 kwa mwezi na kolesteroli mbaya ikashuka. Akarudi kwa mada ya matiti. Wenye wako kwa dawa za tezi ya shingo ndio waongee na daktari juu ya saa za kula, kwa sababu soya inapunguza dawa kuingia mwilini.

Tatizo langu kubwa ni upatikanaji. Tofu naipata upande wa Parklands, mia tatu na kitu kipande, na nikiongeza nauli inakaribia bei ya nyama nusu kilo, kwa hivyo kama kuna mtu anaiuza Eastlands, hata kama ni mama mboga anatengeneza kwake, nitumieni namba.