WHOQOL-BREF kwa wahudumu wa afya ya jamii: dodoso zuri, ila lisiachwe peke yake

WHOQOL-BREF ni dodoso la Shirika la Afya Duniani la kupima ubora wa maisha, na ni mkato wa WHOQOL-100, dodoso refu la maswali 100. Limebaki na maswali 26, kila moja na jibu la 1 hadi 5, yote yakihusu wiki mbili zilizopita. Mawili ya mwanzo ni ya jumla. Mengine yamegawanyika katika nyanja nne: mwili (7), nafsi (6), mahusiano (3) na mazingira (8).

Kwa mhudumu wa afya ya jamii, nyanja ya mazingira ndiyo yenye faida kubwa. Humo mna usalama, fedha, usafiri, makazi na nafasi ya kupumzika, yaani mambo yanayomgusa hasa mtu anayepita nyumba kwa nyumba. Kasoro ni kwamba swali la 12, la fedha, halitenganishi posho ndogo na posho inayochelewa, na hayo ni maumivu mawili tofauti. Mwongozo wa shirika hilohilo wa 2018 unataka malipo yalingane na uzito wa kazi, saa na mafunzo, tena yasitegemee zaidi idadi ya kazi zilizotimizwa. Alama ya swali la 12 haitakuambia ni lipi kati ya hayo limekiukwa.

Swali la 18 nalo linapotosha. Linauliza kama mtu ameridhika na uwezo wake wa kufanya kazi. Mhudumu hodari atajibu 5 huku kaya alizopewa zimemzidi. Swali la 24, la huduma za afya, wengine hulijibu kama watoa huduma wanaoitetea kazi yao, si kama watu wanaougua. Na hakuna popote panapoulizwa kuhusu kugongewa mlango usiku, salio la simu linalotoka mfukoni, au kubeba siri za majirani ambao kesho utakutana nao kisimani.

Kukokotoa ni rahisi, lakini hapo ndipo wengi wanapoharibu. Maswali ya 3, 4 na 26 yamegeuzwa, yaani jibu kubwa lina maana ya hali mbaya, hivyo toa jibu kutoka 6 kabla ya lolote. Ukisahau, mwenye maumivu makali ataonekana mzima. Kisha tafuta wastani wa nyanja na uzidishe kwa 4. Ukitaka kipimo cha 0 hadi 100, toa 4, zidisha kwa 6.25. Wastani wa 2.5 unakuwa 10, halafu 37.5. Usijumlishe nyanja nne kupata alama moja. Dodoso halikuundwa hivyo. Fomu iliyorukwa zaidi ya asilimia 20 ya maswali, yaani 6 au zaidi, iwekwe kando. Angalia hasa swali la 21, la maisha ya kimapenzi. Likirukwa, nyanja ya mahusiano inabaki na maswali mawili tu.

Wakati wa kugawa una uzito wake. Likijazwa mara tu baada ya kampeni ya chanjo, usingizi na nguvu vitashuka, na utadhani ndiyo hali ya mwaka mzima. Rudia katika kipindi cha kawaida kisha linganisha. Msimamizi asilisimamie, wala lisijazwe kwenye kikao cha ripoti za mwezi, watu wakiwa na haraka ya kuondoka. Tumia namba badala ya majina na bahasha ya kufungwa. Asiyesoma vizuri asomewe na mtu asiyemjua.

Dodoso linafaa kufuatilia watu walewale kwa muda, au kulinganisha makundi. Kumwambia mtu mmoja "maisha yako ni mabaya" halifai, maana halina alama rasmi ya mpaka kati ya maisha mazuri na mabaya. Lolote mtakaloamua, ambatisha ukurasa mmoja wa maswali ya kazi yenyewe: kaya anazohudumia, saa kwa wiki, siku ambazo malipo yamechelewa, gharama anazojilipia, na mara alizotukanwa au kutishwa.