TAHADHARI: Muuza dawa za presha mtandaoni, nusura aniulie mama

Ndugu zangu, naandika mikono ikitetemeka kwa hasira, na aibu ninayo. Mnaonijua mnajua mimi ndiye ninayewakataza wenzangu kununua dawa ovyo. Safari hii nimepigwa mimi.

Atenololi ya mama, dawa yake ya presha na moyo, ile ya miligramu 50, ilibaki vidonge viwili. Famasia tuliyozoea wakasema imeisha, nisubiri. Nisubiri vipi, wakati tuliambiwa tangu mwanzo kwamba beta-bloka, yaani dawa za kutuliza mapigo ya moyo kama hii, haikatishwi ghafla? Usiku ule ule nikampata huyu mtu kwenye simu.

Na aliniuliza maswali! Mama ana pumu? Ana kisukari? Akaeleza kwamba baadhi ya dawa hizi hubana njia ya hewa kwa mwenye pumu, na kwa mwenye kisukari huweza kuficha yale mapigo ya haraka yanayomwonya sukari ikishuka. Ni kweli tupu, daktari wetu aliyasema hayo hayo. Ningemshuku vipi mtu anayeongea hivyo? Akaniita dada, akasema, "Usikubali mama akose hata dozi moja." Nikatuma pesa, tena nikamshukuru. Nilimshukuru jamani!

Siku ya nne mama akasema moyo unamwenda mbio. Nikamfunga mashine: mapigo 118. Mama huyu akitulia hayavuki 65. Presha 190 kwa 110, jasho, kifua kinabana. Hospitali, swali la kwanza: "Ameacha dawa lini?" Nikajibu hajaacha, nampa kila asubuhi kwa mkono wangu. Kwa mkono wangu mwenyewe! Daktari akakigeuzageuza kidonge, akanyamaza. Kisha akasema hali ya mama ni ya mtu aliyekatiwa dawa: moyo uliozoea kutulizwa ukiachiwa ghafla huenda kwa kasi, na mgonjwa anaweza kupata hata shambulio la moyo.

Huyu mtu afungwe. Asipigwe faini akarudi kuuza, afungwe! Anajua kabisa dawa hii inafanya kazi gani, alinifundisha mwenyewe, halafu akauza vidonge bandia kwa mgonjwa wa moyo. Polisi nimeshafika na ujumbe wake wote ninao.

Dalili zilikuwepo. Namba ya toleo kwenye boksi haikulingana na ya kwenye karatasi ya vidonge. Tarehe ya kuisha muda ilibandikwa juu ya nyingine. Cheti cha daktari hakuniomba kabisa. Vidonge vilimomonyoka vikitolewa, nami nikajiambia labda ni vya kiwanda kingine.

Kama ulinunua kwake, nenda hospitali leo hii na boksi lake, usilitupe. Wala usiache tu kumeza ukakaa nyumbani bila dawa, na usijiongezee dozi kufidia. Waambie ni dawa ya moyo, wakupime mapigo na presha hapo hapo. Mama bado amelazwa. Jana mapigo yalishuka hadi 80.